Anayeumia sio bosi, ni sisi tunaobaki ofisini

Nimeona niandike hili maana kila nikikaa na watu wa ofisi zingine hapa Mbeya, iwe Soweto kwenye chakula cha mchana au kwenye kikao cha harusi, nakuta kumbe sio kwetu tu. Ofisi imelegeza utaratibu, unaambiwa siku mbili kwa wiki fanyia kazi nyumbani, au ingia saa nne badala ya saa mbili ilimradi kazi yako iishe, na wapo watu wanautumia huo utaratibu vizuri kabisa, halafu wapo wenzetu ambao kwao hizo ni siku mbili za kufanya shughuli zao huku mshahara unaingia kama kawaida. Watu wakiwasema utasikia "anamuibia bosi huyo". Bosi gani anayeibiwa jamani, bosi akija saa tano au asipokuja kabisa mezani kwake hakuna foleni. Foleni iko kwangu. Iko kwa yule dada wa mapokezi. Iko kwa dereva anayesubiri karatasi isainiwe ndio aondoke kwenda Njombe.

Niseme mapema kwamba utaratibu wenyewe naupenda na sitaki ufutwe, ndio maana haya mambo yananiuma.

Kwetu ulianza 2020. Si mnakumbuka, nchi haikufungia watu ndani kama walivyofanya wengine, shule zilifungwa Machi na vyuo vikafunguliwa Juni maisha yakaendelea, lakini ofisi nyingi ambazo wakubwa wao au wafadhili wako nje zilipewa maagizo ya kupunguza watu ofisini, wengine wakabeba kompyuta kwenda nazo nyumbani. Corona ikapita ila utaratibu ukabaki kwa sababu ilionekana unasaidia. Na kwa mji kama huu unasaidia kweli. Anayekaa Mbalizi au Uyole anajua, barabara ni hiyohiyo moja, malori ya Tunduma humo, daladala humo, bajaji humo, wanafunzi wanavuka humohumo, na sasa hivi inapanuliwa iwe njia nne kutoka Uyole mpaka Ifisi, kilometa 29, ni jambo jema sana ila mpaka imalizike vumbi na foleni tutakuwa tumevila vya kutosha. Juni na Julai hapa saa kumi na mbili asubuhi unatoka ndani ukungu umeshuka mpaka huoni nyumba ya jirani, mtu ana mtoto mchanga, unamwambia atoke na baridi ile akakae ofisini kujaza jedwali ambalo angeweza kulijaza akiwa nyumbani. Kwahiyo aliyebuni huu mpango hakukosea.

Sasa niwaambie kazi yetu ilivyo ili mnielewe. Tunanunua mazao kwa wakulima, parachichi zaidi, kutoka upande wa Rungwe na Njombe. Mkulima anapeleka mzigo kituo cha kukusanyia, unapimwa, anapewa risiti ya mizani, ile risiti inakuja kwetu, mimi naingiza malipo kwenye mfumo wa benki. Lakini mimi nikishaingiza hela haitoki. Lazima kuna mwingine wa kuidhinisha, ana tokeni yake, kile kidude kidogo kinachotoa namba, bila zile namba malipo yanakaa pale yameandikwa "yanasubiri" hata kama ni wiki nzima. Huo ndio ulinzi wa hela kila mahali, anayeingiza asiwe yeye huyohuyo anayeidhinisha, na ni ulinzi mzuri. Ila maana yake ni kwamba mwidhinishaji akipotea siku nzima, wakulima wote wa siku hiyo wamepotezwa naye.

Mwidhinishaji wetu siku zake za nyumbani ni Jumatano na Alhamisi. Kuna Jumatano moja amekuja bibi mmoja kutoka Kiwira. Kapanda Costa asubuhi, kafika pale kwetu hata chai sijanywa, risiti zake za mizani kazifunga kwenye pindo la kanga, anazifungua mojamoja ananyoosha kwa kidole juu ya meza zisijikunje. Namwambia shikamoo bibi, ananijibu marahaba mwanangu, mwenye hela yupo? Mjukuu wake yuko chuo na hawamruhusu kufanya mtihani mpaka amalize ada, na hela yenyewe anayodai kwetu ndio hiyo ada. Nikaangalia kwenye mfumo, malipo yake nilishayaingiza tangu Jumatatu, yanasubiri. Nikapiga simu kwa mwidhinishaji, haipatikani. Nikatuma ujumbe WhatsApp, tiki moja. Nikampigia bosi, bosi akasema "mpigie tena, yuko nyumbani anafanya kazi huyo". Bibi kakaa kwenye lile benchi la korido, kila mtu akipita anainua macho kuangalia kama ndio mwenye hela. Saa sita, saa nane, saa kumi. Tukamchangia nauli akarudi, maana giza likiingia magari ya kule yanapungua na yeye akishuka barabarani bado ana mwendo wa mguu.

Saa mbili usiku ndio ujumbe ukaingia kwenye grupu la ofisi. "Poleni sana wapendwa, network ilikuwa inasumbua sana huku home, nimeshaidhinisha zote." Watu wakaweka vidole gumba. Kumbe mchana wa siku hiyohiyo alikuwa ameweka stetasi, akasahau kwamba baadhi yetu tunaiona, picha ya gari aina ya Canter inapakia viazi, magunia yameshonwa yamepanda kilima juu, na nyuma kibao cha duka ambacho mtu yeyote anayepita njia ya Tukuyu anakijua. Isongole pale. Kwa ambao hawajui njia, kutoka Kiwira kuja mjini lazima upite Isongole. Yule bibi kwenye Costa alipita palepale, na akapita tena jioni akirudi mikono mitupu.

Mimi siwezi kumchukia mtu kwa kulima viazi. Huku kwetu nani halimi, ardhi ya Uporoto ile ukiiacha unaonekana una matatizo, na mishahara tunaijua, mtu ana watoto, ana wazazi kijijini, ana ujenzi haujafika kwenye lenta. Shamba sio kosa, duka la spea Mwanjelwa sio kosa, Noah yako inayokwenda Kyela sio kosa. Kosa ni kuchukua siku ambayo mwenzako anakutegemea ukaiuza halafu ukadanganya kuhusu mtandao. Kwa sababu mambo ya mtu binafsi yana sehemu yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka kwa malipo. Unataka kuvuna viazi, omba siku tatu za likizo, sema wazi, tutapanga nani anashika tokeni, wakulima wanalipwa, na wewe unapakia viazi vyako kwa amani simu ikiwa imewashwa. Lakini hawa wenzetu siku za likizo hawazigusi, wanazitunza, maana kila wiki wanajipa likizo ya siku mbili ambayo haiandikwi popote.

Na njia zao ni zilezile kila ofisi ninayosikia. Kuna anayeingia kwenye kikao cha Zoom asubuhi, anasalimia vizuri, anazima kamera anasema bando liko chini, na baada ya hapo hata umuulize swali hajibu, mwisho wa kikao wote wanatoka jina lake limebaki. Kuna ambaye kikao kinaendelea akasahau kuzima maiki tukasikia nyuma "Kyela Kyela, bado wawili tunaondoka", yuko stendi ya Nane Nane huyo, na saa hiyo alitakiwa awe anaandaa ripoti ya stoo. Kuna anayeandika imeili mchana akaiweka ijitume saa tano usiku ili kesho tumuonee huruma kwamba kakesha. Kuna wale wa "niko fildi". Hawa ndio wagumu kuliko wote, maana fildi ni kweli ipo, kazi yetu haiwezekani bila kwenda kwa wakulima, sasa mtu anaandika Mbozi, anachukua posho ya Mbozi, ukimpigia mkulima wa Mbozi kumuuliza mlifundishwa nini jana anakwambia dada sisi hatujamuona mtu tangu mwezi uliopita. Tena mkulima anauliza kwa upole tu, anafikiri labda gari liliharibika.

Kwenye hili la posho mimi naona hatuzungumzii tena ulegevu, ni wizi, na ofisi ilichukulie hivyohivyo.

Halafu kuna mtu mmoja ambaye nikimfikiria ndio napata hasira kabisa. Tuna dada anakaa Mbalizi, kajifungua, karudi kazini baada ya zile siku zake 84 za uzazi. Sheria inampa mama anayenyonyesha mpaka saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi za kwenda kunyonyesha, lakini hebu nyie niambieni, kutoka mjini mpaka Mbalizi na kurudi kwa foleni ile hizo saa mbili zinaishia barabarani mtoto hajaguswa. Kufanyia kazi nyumbani ndio kumefanya hiyo haki yake iwe na maana. Na anafanya kazi jamani. Ukimtumia faili saa tatu, saa tano limerudi, makosa kayawekea rangi ya njano na maelezo pembeni. Ukimpigia anapokea, unasikia mtoto analia anakwambia "nipe dakika kumi nakupigia", na dakika kumi hazipiti kabla hajapiga. Siku mtandao ukikatika kwao kweli, anakwambia kabla, anachukua bajaji mpaka sehemu yenye mtandao anatuma. Sasa huyu dada na yule wa Isongole mbele ya bosi wana jina moja, "watu wa nyumbani". Bosi akichoka na yule, atakayenyang'anywa wa kwanza ni huyu. Yule wa viazi atapata njia nyingine siku hizohizo, huyu hana njia nyingine, ataacha kazi.

Na tayari yameanza kusemwa. Wiki hizi kuna mazungumzo ya kununua mashine ya kidole, kila mtu agonge asubuhi na jioni, habari ya nyumbani iishe. Nawaelewa wakubwa, wamechoka, lakini nawaambia mashine ya kidole inajua mtu amefika, haijui amefanya nini. Sote tumewahi kukaa ofisi zenye daftari la mahudhurio. Mtu anasaini saa moja na nusu, anatundika koti kwenye kiti, anapotea mpaka saa tisa, koti linafanya kazi badala yake. Na wale wanaosema tuweke programu ya kuangalia kama kompyuta inatumika, wenzetu Marekani walishafika huko, mwaka 2024 benki ya Wells Fargo ilifukuza wafanyakazi zaidi ya kumi waliobainika wanaigiza kuchapa kwenye kompyuta ili waonekane wako kazini. Ukipima kuonekana, watu watajifunza kuonekana.

Kuna utafiti mmoja maarufu wa mambo haya, ulifanyika China kwenye kampuni ya usafiri ya Ctrip, wafanyakazi wa kupokea simu kule Shanghai, walipewa nafasi ya kufanyia nyumbani siku nne kwa wiki kwa miezi 9, kati ya 2010 na 2011. Ufanisi wao ulipanda kwa asilimia 13, na sehemu kubwa ya hapo ni kwa sababu walikaa kazini dakika nyingi zaidi, mapumziko machache, siku za kuumwa chache. Watu wanapenda kuitaja hiyo asilimia 13 wanaishia hapo. Mimi niliposoma kilichonigusa ni masharti yake. Ilibidi uwe na chumba chako cha kufanyia kazi nyumbani na intaneti ya uhakika, uwe umeshakaa kampuni miezi sita, na siku ya tano unakuja ofisini. Zaidi ya yote kazi yao ilikuwa inahesabika, simu ngapi umepokea, oda ngapi umeandika, bosi hana haja ya kuuliza uko wapi maana kazi yako anaiona. Na jaribio lilipoisha karibu nusu yao wakachagua kurudi ofisini wenyewe. Kwahiyo hata kule haikuwa kila mtu aende nyumbani tu ajitunze.

Kwetu wakati tunapewa huu utaratibu hakuna aliyeulizwa lolote. Bosi alitangaza kwenye kikao, tukapiga makofi, basi. Hakuna aliyesema simu inapokelewa kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, hakuna aliyesema ukiwa nyumbani nani anashika kazi yako ya mezani, hakuna aliyesema mwisho wa siku uonyeshe nini. Sheria yenyewe ya kazi inaongelea saa, 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku za kawaida, lakini saa za mtu aliye nyumbani anazihesabu nani kama ofisi haijaandika chochote? Hapo lawama ya viongozi ni kubwa. Na kubwa zaidi ni kwamba wanajua. Bosi wetu anajua nani anafanya kazi na nani hafanyi, anajua kwa majina, ila anaona haya kumwita mtu mzima mwenye familia akamwambia wewe kazi yako haijafanyika wiki hii. Anaona rahisi kuadhibu wote kwa mashine ya kidole kuliko kuongea na mmoja.

Na sisi wenzao pia tunawalea. Mtu anakupigia saa tano asubuhi, "dada'angu nisaidie kujaza ile fomu, niko mbali kidogo na kompyuta", unajaza. Wiki inayofuata tena. Ukigoma unaitwa mnoko, unaambiwa unawabania wenzako riziki, unaambiwa kwani hela ni za baba yako. Huku kwetu tumelelewa kuheshimiana sana, kumwambia mtu ukweli usoni kunaonekana ni utovu wa adabu, hasa kama ni kaka au mama amekuzidi umri. Kwahiyo tunanung'unika kwenye chai, tunawasengenya kwenye korido, halafu wakija Ijumaa tunacheka nao na kazi zao tumeshazifanya sisi. Kuna kijana wetu wa stoo amekuwa akifunga hesabu za watu wawili kila mwisho wa mwezi, anatoka usiku, na cheo kilipotokea akapewa yule mwingine kwa sababu ripoti zinatoka kwa jina lake. Huyo kijana sasa hivi anatafuta kazi Dar. Tutampoteza, na ni mtu ambaye anajua kila gunia limekaa wapi.

Mimi ningekuwa napanga ningeanza na hizo kazi zinazomsubirisha mtu wa nje. Kazi yoyote ambayo mkulima au mteja anaisubiri ukutani pale kwenye benchi, haiendi nyumbani na mtu mmoja bila mwingine kubaki anaweza kuifanya. Tokeni ya mwidhinishaji haiwezi kukaa na mimi ninayeingiza malipo, hapo tutakuwa tumefungua mlango wa wizi, lakini benki inaruhusu waidhinishaji zaidi ya mmoja, awepo wa pili, kwisha. Halafu anayeharibu anyang'anywe yeye. Wiki yako imepita hujamaliza kazi, simu hupokei, wiki inayofuata unakuja ofisini siku zote tano, ukijirekebisha unarudishiwa. Dada wa Mbalizi aachwe na utaratibu wake maana hajamkosea mtu. Na posho ya fildi iende na jina la mkulima na namba yake ya simu ili mtu wa ofisini apige achague wawili watatu awaulize. Hayo yote hayahitaji mashine wala mshauri kutoka Dar, yanahitaji mtu mwenye mamlaka akubali kununiwa kidogo.

Yule bibi alilipwa kesho yake asubuhi, hela iliingia kwenye simu yake, akanipigia kunishukuru, "ndaga fijo mwanangu". Mtihani wa mjukuu wa kwanza ulikuwa umeshapita siku ile alipokuwa kwenye benchi letu, wakamwambia ataufanya wakati mwingine na wanaorudia. Nilipomwelezea mwidhinishaji hilo alisema "aisee, pole yake", akaendelea kunywa chai. Nadhani hakuelewa kwamba nilikuwa namwambia yeye.

Kwahiyo nimemfuata tena, safari hii tumekaa wawili, nikamwambia kaka mimi nakuheshimu, ila Jumatano ile ulikuwa Isongole na mimi nilikuwa na bibi wa watu tangu asubuhi mpaka saa kumi. Alikataa kwanza. Nikamwonyesha stetasi yake. Akasema kila mtu anafanya hivyo kwanini namwandama yeye, nikamwambia dada wa Mbalizi hafanyi hivyo, na mashine ya kidole ikija atakayelia ni yeye. Jumatatu kuna kikao, hiyo mashine imeshawekwa kwenye ajenda na mimi nimeomba hoja yangu ya waidhinishaji wawili na saa za kupokea simu isikilizwe kabla yake, na nimemwambia wazi kwamba nitaitaja ile Jumatano mbele ya wote na yeye akiwepo. Kanuna, tangu siku hiyo salamu ni za mkato, ila amesema atakuja.